Mfungwa alipelekwa Australia: Je, familia aliyoiacha Uingereza inatafutwaje?

Kati ya mwaka 1788 na 1868, Uingereza iliwapakia melini wafungwa zaidi ya 160,000 na kuwapeleka Australia. Majina yao, karibu yote, yamehifadhiwa. Karani aliandika jina la mfungwa, umri, kosa, mahakama iliyomhukumu, meli iliyombeba, urefu wake, rangi ya macho, hata kovu la shavuni. Leo kitukuu wa mmoja wao, akiwa amekaa Sydney na simu mkononi, anaweza kumpata babu huyo kabla chai yake haijapoa.

Kinachomshinda ni upande wa pili. Babu alikuwa na mke kule alikotoka? Aliacha watoto wangapi, na nani aliwalisha? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa wafungwa hawa mambo yaligeuka: aliyeondoka ndiye aliyeandikwa, na waliobaki nyumbani ndio waliopotea.

Waliobaki hao wanaweza kupatikana. Njia yake ni ndefu, na mara nyingi haipiti kwenye karatasi za mahakama wala za gereza. Inapita kwenye karatasi za umaskini.

Adhabu yenyewe ilikuwaje

Kwanza tukumbushane. Kabla ya Australia, Uingereza ilikuwa ikiwapeleka wahalifu wake katika makoloni ya Marekani. Vita vya uhuru vya Marekani vilipoanza mwaka 1775 mlango huo ukafungwa, magereza yakajaa, na kuanzia 1776 wafungwa wakawekwa ndani ya meli kuukuu zilizotia nanga mtoni Thames na baadaye kwenye bandari nyingine. Mwezi Mei 1787 meli 11 ziliondoka Portsmouth, na Januari 26, 1788 zikafika mahali ambapo leo ni mji wa Sydney.

Hukumu ilikuwa ya miaka 7, miaka 14 au maisha. Wengi walikuwa wezi: wa kondoo, wa nguo, wa vitu vya tajiri aliyewaajiri. Wanawake walikuwa takriban 25,000. Jambo la kukumbuka ni kwamba serikali ililipa nauli ya kwenda tu. Aliyemaliza miaka yake 7 na kutaka kurudi alijitafutia mwenyewe nauli ya safari ya miezi kadhaa baharini. Wengi hawakurudi. Kwa hiyo hata hukumu ya miaka 7, kwa mke aliyebaki kijijini, ilikuwa karibu sawa na msiba, ila msiba usio na kaburi.

Anza Australia, usianze Uingereza

Mtu anayetafuta familia iliyobaki Uingereza hudhani aende moja kwa moja kwenye vitabu vya Uingereza. Akifanya hivyo atapotea. Kina John Smith na William Brown walikuwa wengi mno, na wakati mwingine kijiji kimoja kilikuwa na watatu wenye jina moja na umri unaokaribiana. Kabla ya kugusa karatasi za Uingereza anahitaji vitu viwili: jina la kijiji, na jina la mtu mwingine wa familia, awe mke, mama au ndugu.

Vitu hivyo viwili mara nyingi viko Australia. Meli ilipofika, maofisa walimhoji kila mfungwa. Katika New South Wales, kuanzia miaka ya 1820 na kuendelea, orodha za wafungwa zinaonyesha mahali mtu alipozaliwa, dini yake, kama ameoa, na idadi ya watoto. Kisiwa cha Van Diemen's Land, ambacho tangu 1856 kinaitwa Tasmania, kilikwenda mbali zaidi. Makarani wake waliandika hata majina ya baba, mama, kaka na dada wa mfungwa, na mahali walipoishi. Walifanya hivyo ili kumtambua mtu akitoroka au akidanganya jina. Hawakuwa na nia ya kumsaidia mtafiti wa karne ya 21, lakini wamemsaidia kuliko mtu mwingine yeyote. Kumbukumbu za wafungwa wa Australia ziliingizwa mwaka 2007 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Karatasi nyingine ni cheti cha kifo. Koloni la Victoria lilianza kuandikisha vifo mwaka 1853, na New South Wales mwaka 1856. Vyeti vyao vina nafasi ya kuandika wazazi wa marehemu, ndoa zake na watoto wake. Mfungwa aliyefika kijana mwaka 1830 na kufa mzee mwaka 1870 anaweza kuwa na cheti kinachotaja ndoa ya kwanza Uingereza. Au kisiitaje kabisa, kwa sababu aliyetoa maelezo alikuwa mtoto wa mke wa pili ambaye hakuambiwa.

Hapo tunagusa jambo la kuwa nalo makini. Mfungwa aliyetaka kuoa akiwa bado anatumikia hukumu alipaswa kuomba ruhusa kwa gavana, na maombi hayo yapo hadi leo. Si ajabu kukuta mtu aliyeandikwa "ameoa, watoto watatu" siku aliposhuka melini, kisha miaka michache baadaye anaomba kuoa akijiita kapera au mjane. Labda mke alikuwa amekufa kweli na barua ikamfikia. Labda sivyo. Ukikuta maelezo mawili yanayopingana, mimi ningeamini kwanza yale aliyoyatoa akishuka melini, kabla hajawa na sababu ya kusema uongo kuhusu ndoa.

Mke ambaye si mjane

Sasa turudi Uingereza, kwenye kijiji ambacho mume ameondolewa. Mke ana watoto wanne. Mshahara wa kibarua wa shamba haukutosha hata mume alipokuwepo. Anakwenda wapi?

Anakwenda parokiani. Tangu zamani sheria za Uingereza ziliitaka kila parokia iwalishe maskini wake kwa kodi iliyotozwa wenye mali wa hapo. Neno zito hapo ni "wake". Kwa sheria ya mwaka 1662 na zilizofuata, kila mtu alikuwa na parokia moja tu iliyokuwa na wajibu wa kumsaidia, na mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa wa parokia ya mumewe. Haidhuru kama hajawahi kukanyaga huko.

Basi mke wa mfungwa alipoomba mkate, wasimamizi wa maskini hawakuanza na mkate. Walianza na maswali. Alipelekwa mbele ya mahakimu wawili, akaapishwa, akaulizwa: Mume wako alizaliwa wapi? Alifanya kazi ya mwaka mzima kwa bwana gani? Mlifunga ndoa kanisa gani, mwaka gani? Watoto wako ni nani na wana umri gani? Majibu yake yaliandikwa. Ikionekana mume alitoka parokia nyingine, mahakimu walitoa amri ya kumwondoa, na mama na watoto wake wakapelekwa huko, pengine kaunti nyingine kabisa, mahali wasipomjua mtu. Kama London ilikuwa kwao, wangeweza kujikuta katika kijiji cha Wiltshire kwa sababu tu baba aliyekwisha kuvushwa bahari alizaliwa hapo.

Kwa mama yule ilikuwa fedheha na mateso. Kwa anayemtafuta leo, karatasi ile ya maswali ndiyo dhahabu, maana ndani yake familia nzima imesimama kwenye ukurasa mmoja, na mara nyingi sababu imetajwa wazi kwamba mume amehukumiwa kupelekwa ng'ambo. Karatasi hizi ziko kwenye hifadhi za nyaraka za kaunti, pamoja na daftari za matumizi za wasimamizi wa maskini. Humo utakuta mistari mifupi ya mke wa fulani kupewa shilingi kadhaa, mtoto wa fulani kununuliwa viatu, na wiki nyingine sanda.

Mwaka 1834 sheria ilibadilika. Parokia ziliunganishwa katika makundi na kujengewa nyumba za maskini. Lengo lilikuwa kwamba mwenye nguvu anayetaka msaada aingie humo, avae sare, afanye kazi, na atenganishwe na watoto wake. Kwa hiyo kwa familia zilizoachwa baada ya mwaka huo, tafuta daftari za kuingia na kutoka za nyumba hizo, na daftari za watoto waliopelekwa kufundishwa kazi kwa mabwana.

Wake wa Tolpuddle

Mfano ulioandikwa sana ni wa kijiji cha Tolpuddle, kaunti ya Dorset. Vibarua sita wa shamba, mshahara wao ukiwa umeshushwa hadi shilingi 7 kwa wiki, waliunda chama chao na kuapa kiapo cha siri. Mwezi Machi 1834 walihukumiwa miaka 7 ng'ambo kwa kosa la kiapo hicho. George Loveless alipelekwa Van Diemen's Land. Ndugu yake James Loveless, Thomas Standfield na mwanawe John, James Hammett na James Brine walipelekwa New South Wales.

Wake zao walipoomba msaada wa parokia walikataliwa. Kamati ya wafanyakazi huko London ilichangisha fedha za kuwalisha wao na watoto wao, na maandamano makubwa yakafanyika London mwezi Aprili mwaka huohuo. Mwaka 1836 serikali ilisalimu amri na kuwasamehe.

Ukiiangalia kesi hii kwa macho ya mtafuta familia, inafundisha mambo ambayo vitabu vya historia ya vyama vya wafanyakazi huyapita haraka. Kwanza, watu hawa walikuwa ukoo. Mke wa Thomas Standfield alikuwa dada wa akina Loveless, kwa hiyo mama mmoja aliondokewa na mume, mtoto na kaka wawili kwa siku moja. Ukishindwa kumpata mke wa mfungwa, mtafute dada yake au mawifi zake. Pengine yuko nyumbani kwao.

Pili, msamaha ulipomfikia George Loveless, hakutaka kupanda meli upesi. Alikuwa ameshamwandikia mkewe Elizabeth amfuate, na aliogopa wasije wakapishana baharini. Alifika London mwezi Juni 1837.

Tatu, anayetafuta familia ya George katika sensa ya Tolpuddle ya mwaka 1851 hataiona. Waliporudi, watu hawa walihamia kwanza mashamba ya Essex, kisha katika miaka ya 1840 watano kati yao wakahamia Kanada na familia zao. Ni James Hammett peke yake aliyerudi kuishi Tolpuddle, na mwaka 1891 alifia katika nyumba ya maskini ya Dorchester. Familia kutoonekana kijijini si ushahidi kwamba imekufa.

Ndoa ya pili

Swali gumu zaidi kwa mke aliyebaki lilikuwa hili: Je, anaweza kuolewa tena?

Kabla ya mwaka 1857, talaka kamili inayomruhusu mtu kuoa tena ilihitaji sheria ya Bunge kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Ilikuwa anasa ya matajiri. Lakini sheria ya mwaka 1603 iliyofanya ndoa ya pili kuwa kosa kubwa la jinai iliacha upenyo: aliyekuwa na mwenzi ng'ambo kwa miaka 7 mfululizo hakuadhibiwa. Ndoa mpya haikuwa halali mwenzi wa kwanza akiwa hai, ila mtu hakufungwa kwa ajili yake. Mwaka 1828 upenyo huo ulibanwa, mtu akatakiwa pia awe hajui kama mwenzi wake yu hai. Vijijini watu waliielewa kwa namna yao: miaka saba imepita, basi yamekwisha.

Ndiyo maana mtafiti hodari huangalia vitabu vya ndoa kuanzia mwaka wa 7 baada ya meli kuondoka. Mke atakuwa ameandikwa mjane, au kwa jina lake la ukoo kana kwamba hajaolewa kabisa. Wengine hawakusubiri wala kwenda kanisani. Walikaa na mwanamume mwingine, na watoto wakabatizwa kwa jina la mama, au la mfungwa aliyeko mbali, au la baba mpya. Baadhi ya makasisi waliandika pembeni ya ubatizo kwamba mume wa mama huyu yuko uhamishoni. Ukikuta nyumba moja yenye watoto wa majina mawili ya ukoo, usiipite.

Barua zilizobaki

Ziko karatasi chache ambamo wake hawa wanasema wenyewe. Katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Kew, London, kuna maelfu ya maombi ya huruma yaliyopelekwa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mke aliomba mume asipelekwe, au apunguziwe hukumu, na barua ikatiwa saini na majirani, kasisi, mwajiri, mara nyingine hata mtu aliyeibiwa. Wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo mwingine aliwaandikia, na wao wakachora alama ya msalaba. Orodha ya majirani waliotia saini ni ramani ya kijiji: humo wamo wakwe, shemeji na mabwana wa kazi.

Kuna pia maombi ya wake waliotaka kuwafuata waume. Kwa vipindi tofauti serikali iliwaruhusu wafungwa wenye mwenendo mzuri kuomba familia zao ziletwe bila nauli. Baadhi ya parokia zilisaidia kumfikisha mama na watoto bandarini, kwa kuwa ilikuwa nafuu kuliko kuwalisha miaka yote. Kwa hiyo kabla ya kuchoka kutafuta familia Uingereza, angalia kama haikupanda meli yenyewe. Watafiti wengi wamepoteza miezi kwa kuruka hatua hii.

Kwa wanawake waliohukumiwa, hali ilikuwa tofauti. Baadhi waliruhusiwa kusafiri na watoto wao wadogo. Wakubwa walibaki kwa bibi, kwa baba kama yupo, au kwa parokia.

Kinachopatikana kwa simu

Kama una simu yenye intaneti, sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji malipo zaidi ya bando. Kesi za mahakama ya Old Bailey ya London, kuanzia 1674 hadi 1913, ziko kwenye tovuti ya bure. Tovuti nyingine, Digital Panopticon, imeunganisha kumbukumbu za watu takriban 90,000 waliohukumiwa katika mahakama hiyo. Kumbukumbu za wafungwa wa Tasmania zimepigwa picha na zinaonekana bure kupitia maktaba za jimbo hilo, na magazeti ya zamani ya Australia yako bure kwenye Trove. FamilySearch ina vitabu vingi vya ubatizo na ndoa, ila utajiandikisha kwanza. FreeBMD ina faharasa ya vizazi, ndoa na vifo vya Uingereza na Wales. Magazeti ya zamani ya Uingereza na picha nyingi za sensa huwa za kulipia. Picha za kurasa za zamani ni nzito, zifungue ukiwa na mtandao mzuri, la sivyo bando litaisha ukiwa ukurasa wa pili.

Elewa pia kila kitabu kinaanza lini. Parokia zilianza kuandika ubatizo, ndoa na maziko mwaka 1538. Serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo Julai 1, 1837. Sensa ya kwanza yenye majina ya watu wote kitaifa ni ya mwaka 1841, lakini ina mtego: umri wa watu wazima ulishushwa hadi tano iliyo chini, kwa hiyo mwenye miaka 39 aliandikwa 35. Tena haisemi nani ni mke wa nani. Sensa ya 1851 inasema, na inataja parokia ya kuzaliwa. Humo tafuta mwanamke aliyeandikwa "ameolewa" lakini ndiye mkuu wa nyumba na mume hayupo. Aliyeandikwa "mjane" naye usimwache, kwani baada ya miaka mingi ya kuulizwa maswali hayohayo, neno hilo lilikuwa jepesi kulisema.

Karatasi za maswali ya mahakimu wa maskini, ambazo nimezisifu sana, ndizo ambazo nyingi bado hazijawekwa mtandaoni. Hapo huandikiwa barua pepe hifadhi ya kaunti husika, ukitaja parokia, jina la mke na mwaka wa hukumu. Ukituma jina la mfungwa peke yake utajibiwa kwamba hayupo, na ni kweli hayupo. Daftari linalotafutwa lina jina la mkewe.

Ukishafika karne ya 20, mwendo unabadilika. Taarifa za sensa ya Uingereza hufungwa kwa miaka 100. Ya 1921 imefunguliwa, ya 1931 iliungua moto mwaka 1942. Kutoka hapo mtu hutegemea vyeti, wosia, na siku hizi vipimo vya vinasaba, ambavyo vimewakutanisha watu wa Australia na Uingereza waliotokana na baba mmoja na mama wawili. Ikifika hapo, anza na ujumbe mfupi wa salamu na jina la kijiji. Habari za mfungwa ziweke akiba kwanza, maana upande wa Uingereza huenda kwa vizazi vitano wamesimuliwa kwamba babu yao alikufa maji.